Mzinga wa Kamba Moja

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kutafuta sultani na chui, maana zamani yangu hii ilikuwa na umeme, ingawa ulikatika kila ulipojisikia, palikuwa na mwanamke wa Kinyamwezi aitwaye Nyamizi binti Kapela. Alikuwa mrina asali katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto Ugalla. Nimesema mrina asali. Sikusema mke wa mrina asali. Mumewe, Mihambo, aliwaogopa nyuki kuliko alivyomwogopa mama mkwe wake, na kazi yake msimu wa kurina ilikuwa kukaa mbali na kutoa ushauri.

Nyamizi alikuwa na mizinga mingi, lakini mmoja ndio uliokuwa roho yake. Ulikuwa gogo la mninga, kuukuu, jeusi kwa moshi wa miaka mingi, limening'inizwa juu kabisa kwenye mti wa mtundu. Mzinga ule haukununuliwa na mtu yeyote, wala haukurithiwa kama shamba linavyorithiwa. Ulikuwa na sheria yake. Ulihama kwa kamba yake ya kutundikia, kutoka mkono wa aliyeokolewa kwenda mkono wa aliyemwokoa. Mwenyewe wa kwanza alianguka mtini porini, mtu akambeba mgongoni mpaka kwake, akampa kamba. Huyo naye akazama mtoni, mtu akamwopoa, akampa kamba. Ikawa hivyo hivyo mpaka ukafika kwa mzee Kapela. Na Kapela alipoumwa na nyoka, wanawe wa kiume walikimbia huku na huku wakipiga mayowe, binti yake Nyamizi akampakia kwenye baiskeli akamsukuma mpaka zahanati. Kapela akapona. Kamba akaiweka kiganjani mwa binti, na kaka zake wakanuna mpaka wakachoka kununa.

Anayepokea hukata alama yake kwenye gogo, chini ya alama za waliomtangulia. Na kamba haishikwi na watu wawili. Zamani ndugu wawili walijaribu kuishika pamoja. Nyuki wakahama, na wale ndugu hawakusalimiana tena mpaka kaburini. Basi mzinga mmoja, kamba moja, mkono mmoja. Shikeni hilo, maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Kijijini hapo aliishi pia mtu wa Pwani, Mzaramo, jina lake Kondo Pazi. Alikuwa mtu wa maabara pale zahanati; ndiye aliyewatoboa watu vidole na kuwapima malaria. Alikuja peke yake, hana ndugu hapo, hana mke. Lakini Mzaramo akifika Unyamwezi hawi mgeni kabisa, kwa sababu makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, babu wa huyu alipobeba mizigo mpaka Pwani akapokewa na babu wa yule. Na mtani mnamjua. Mtani huingia bila hodi. Mtani hukamata kuku wako akamla, na ukikasirika unachekwa wewe. Mtani hakuamkii hata kama una umri wa mama yake. Na neno la mtani, liwe kali namna gani, haliwekwi moyoni.

"We mpagazi!" Kondo alikuwa akisema akiingia uani kwa Nyamizi. "Shingo imepona? Tangu babu zenu watue mizigo Bagamoyo, mpaka leo mnatembea mmekunja shingo."

"Na babu zenu wakaipokea hiyo mizigo," Nyamizi alikuwa akimjibu, "wakapiga ngoma wiki nzima, mpaka wakasahau walichopokea. Kaa chini, ugali uko jikoni. Na yule tetea mweupe usimguse."

Kondo akala ugali. Akaondoka na tetea mweupe. Nyamizi akacheka mpaka akashika kiuno. Nyumba ile ndiyo pekee katika nchi nzima ya Unyamwezi ambayo Kondo aliingia bila kubisha, na Nyamizi alilijua hilo, ndiyo maana kila jioni ugali ulikuwa na tonge la ziada.

Basi akaja daktari kutoka hospitali kubwa ya mjini. Aliitwa Daktari Kokushubila, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ndogo na macho yaliyochoka kwa kuchungulia hadubini. Akawakusanya wanawake pale zahanati akawaomba damu, kijichupa kimoja kila mtu, kila mwaka mara moja. Wanawake wakauliza damu ni ya nini. Ndipo akawaeleza, na Nyamizi alikuwa amekaa mbele.

"Kila chembe ya mwili wako, mama, imevaa vazi la sukari," akasema daktari. "Chembe nzima huvaa vazi lililoshonwa likaisha. Chembe ya saratani ina haraka. Huvaa vazi nusu, upindo haujakunjwa, nyuzi zinaning'inia. Sasa ndani ya damu kuna walinzi. Walinzi wakiliona vazi hilo wanashtuka, na damu inatengeneza kingamwili za kulishika. Wakati huo uvimbe wenyewe haujafika hata kuguswa kwa kidole."

"Kwa hiyo unamtafuta mwizi kwenye damu yetu," akasema Nyamizi.

"Simtafuti mwizi, mama. Mwizi amejificha. Nawatafuta walinzi waliokwisha kumwona mwizi."

Akatoa kipande cha kioo, kidogo kama kiganja cha mtoto. Akasema juu yake amepaka nukta nyingi za sukari, kila nukta na sukari yake, na humo zimo zile za mavazi yasiyokwisha kushonwa. Damu ikitulia, maji yake ya juu humwagwa kwenye kioo. Kingamwili zikiikuta sukari zinayoijua huing'ang'ania, uoshe usioshe hazibanduki. Kisha hutiwa rangi, na nukta ile inawaka.

"Hii sukari ni ya chai?" akauliza Nyamizi.

"Siyo ya chai, mama. Sukari hizi mwili unazitengeneza wenyewe."

"Basi asali nisiache."

"Asali endelea. Nami unikumbuke."

Watu wakacheka. Lakini Nyamizi hakucheka, alikuwa akifikiri. Alikumbuka nyuki wanaokaa mlangoni mwa mzinga wake. Mwenzao akirudi na mzigo wanamnusa wanampisha. Nyigu akija, hata kabla hajatua, mlango mzima unapiga mbawa. Mara nyingi yeye mwenyewe alijua kuna nyigu kwa kuwasikia walinzi, hajamwona nyigu bado. Akasimama, akakunja mkono wa gauni, akawa wa kwanza kutoa damu. Kondo ndiye aliyemchoma sindano, akasema kwa sauti, "Tazameni, hata damu ya mpagazi inatoka imebeba mzigo!"

Mwaka huo nukta hazikuwaka. Lakini Kondo, kwa ujinga wa utani, akaja mbio kijijini akipiga kelele kwamba majibu yametoka, damu ya Nyamizi imeonekana ina mimba ya mapacha. Nyamizi ana wajukuu! Kijiji kikaanguka kwa kicheko. Watu wakaenda kumpa pole Mihambo. Mama mmoja akapeleka nepi. Kicheko hicho kilikuwa kitamu siku ile, na kilikuja kulipwa kwa uchungu, kama mtakavyosikia.

Mwaka wa pili Nyamizi akatoa damu tena. Na safari hii, kule mjini, nukta moja ikawaka.

Daktari hakumwita siku hiyo. Wala wiki hiyo. Alirudia kipimo, nukta ikawaka. Akakirudia tena kwa kioo kipya, ikawaka. Bado hakumwita, kwa sababu alikwisha kuona wanawake ambao nukta yao iliwaka na miili yao ilikuwa salama; kingamwili zina sababu nyingi za kushtuka, na kipimo chake kilikuwa bado kinajifunza kutembea. Mvua za vuli zikaanza, zikaisha, daktari anapima na kupima upya. Hatimaye akaenda kwenye jokofu akatoa damu ya mwanamke mwingine.

Mwanamke huyo aliitwa Siwema. Alikuwa wa kijiji kingine, na alikwisha kufa. Siwema alitoa damu yake miaka kadhaa mfululizo, kabla kioo hakijakamilika, ikawekwa kwenye barafu. Kisha akapata uvimbe kwenye ziwa, akafika hospitali umekwisha kusambaa, akafariki. Kioo kilipokamilika daktari akaipima ile damu yake ya zamani, mwaka kwa mwaka, akaona jambo lililomfanya akae chini. Nukta ya Siwema iliwaka miaka miwili kabla yeye mwenyewe hajagusa uvimbe. Miaka miwili damu ilikuwa ikisema, hakuna wa kusikia. Na jinsi ilivyowaka mwaka ule wa kwanza, ndivyo ilivyowaka sasa ya Nyamizi: nukta ile ile, kwa nguvu ile ile.

Daktari akapiga simu zahanati. "Kondo, mwambie Nyamizi binti Kapela aje upesi. Huenda si kitu. Lakini aje." Alijua Kondo ni mtu wa maabara. Hakujua Kondo ni mtani.

Kondo akaenda. Akamkuta Nyamizi anachuja asali, Mihambo kakaa mbali anashauri.

"Nyamizi, damu yako imeonyesha jambo. Unaitwa hospitali kubwa."

"Mapacha wamekuwa watatu?" akauliza Nyamizi.

Nyamizi akacheka. Mihambo akacheka. Majirani wakacheka. Na Kondo, Mungu amsamehe, mdomo wake ulikuwa umezoea nyumba ile. Tabasamu likamtoka lenyewe kabla hajalizuia. Basi wakamaliza kucheka, wakampa ugali, akaondoka bila kusema zaidi, anajilaumu njia nzima.

Akaenda mara ya pili, na simu mkononi. Akapanda naye Nyamizi kwenye kichuguu panaposhika mtandao, akampigia daktari, akamwekea Nyamizi sikioni.

"Mama Nyamizi, huyu ni Daktari Kokushubila. Tafadhali njoo mjini, kipimo chako..."

"Wifi!" akasema Nyamizi kwa furaha. "Nakujua, wewe ni dada yake Kondo. Kiswahili chako cha kidaktari kizuri sana. Hebu mwambie kaka yako arudishe tetea wangu."

Nyamizi akacheka. Mihambo, aliyekuwa chini ya kichuguu, akacheka bila kujua kilichosemwa. Kule mjini daktari akaitazama simu yake, akadhani mwanamke yule kachanganyikiwa kwa hofu. Na Kondo safari hii hakucheka. Alimtazama Nyamizi anavyoteremka kichuguu, mzima, mnene wa furaha, anapiga hatua za mtu mwenye miaka mingi mbele yake, akaona kwamba kilichosimama kati ya mwanamke huyu na uhai wake ni yeye Kondo na mdomo wake.

Mara ya tatu alikuja asubuhi. Nyamizi alikuwa anafagia uwanja. Akasikia, "Hodi."

Akainua kichwa. Nani anabisha hodi mahali pasipo na mlango? Akamwona Kondo kasimama nje ya uwanja, kavaa shati jeupe, kofia kaishika mkononi. Kwapani amebana tetea mweupe, si yule, yule aliliwa zamani, lakini mweupe kama yule. Kondo akaingia polepole. Akamweka kuku chini, miguu imefungwa kwa ugwe. Kisha akachuchumaa mbele ya Nyamizi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Fagio likamponyoka Nyamizi. Mihambo alitoka ndani na kikombe cha chai, akamwona kuku, akamwona Kondo alivyochuchumaa, na chai ikamwagika yote mguuni asiisikie.

"Kondo," akasema Nyamizi, "nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Nyamizi akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Akalia. Hakulilia ugonjwa, ugonjwa bado hakuujua. Alilia kwa sababu alielewa kwamba kijana huyu amemrudishia kuku. Mtani harudishi kuku. Mtani hakuamkii. Siku akikuamkia, utani umekufa, na katika kijiji kile utani ukifa haufufuki. Kuanzia hapo utamkaribisha kiti kama mgeni, atakunywa chai yako kwa adabu, ataaga mapema. Kondo alikuwa na nyumba moja tu, na ameifunga kwa mkono wake ili aaminiwe mara moja.

"Jioni nitakuwa nimejiandaa," akasema Nyamizi. "Kesho nipeleke."

Kule hospitali vidole vya madaktari havikukuta kitu. Daktari Kokushubila akasisitiza: picha ipigwe, na ikipigwa itazamwe tena. Ikatazamwa tena. Ndani kabisa ya ziwa la kulia, karibu na mbavu, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya uwele. Wakakivuta kwa sindano wakakipima, ikawa ndicho. Wakamfanyia upasuaji, wakatoa na vitezi vya kwapani, akapewa dawa zilizomwangusha nywele na kumfanya aichukie harufu ya moshi. Zikapita. Daktari wa upasuaji akamwambia, "Mama, ungekuja kwa kuugusa mwenyewe uvimbe, leo ningekuwa naongea na mumeo peke yake."

Nyamizi akarudi nyumbani na uhai wake. Lakini mkono wa kulia haukurudi wote. Aliweza kupika, aliweza kumbeba mjukuu kwa shida, kupanda mti hakuweza tena. Siku ya kwanza alikwenda peke yake mpaka chini ya ule mtundu, akainua uso, akasikiliza nyuki wake walivyovuma huko juu asikofika. Alikaa muda mrefu. Moyo ulimuuma kuliko kidonda. Kisha akajifuta uso, akasema, "Haya, baba. Nimeokolewa. Kamba ihame."

Akatuma watu waitwe. Mzinga ukateremshwa na warina asali wenzake asubuhi na baridi, nyuki wakiwa bado wazito, ukalazwa juu ya majani. Kamba Nyamizi akaishika kwa mkono wake mzima. Akamtazama Kondo, akamtazama daktari, akamtazama na mwanamke wa tatu, mama mtu mzima aliyejitanda kanga mpaka puani. Huyu alikuwa mama yake Siwema. Nyamizi ndiye aliyemwita, baada ya daktari kumweleza, kwa idhini ya mama huyo, kioo kilijifunza kwa nani.

"Mimi nimeokoka," akasema Nyamizi, "na sijui nimeokolewa na nani. Semeni."

Daktari hakutaka kusema. Wakamsukuma, akasema. "Mimi sukari hizi nimezihangaikia tangu ujana wangu. Wenzangu walinicheka, waliniita mpika peremende. Nilipaka vioo vikashindwa, nikapaka vingine vikashindwa. Bila kioo, damu ya Nyamizi ingesema na nani? Na mzinga huu sitautundika kwangu. Nitautundika kwenye bustani ya maabara. Watu wanaogopa kutoa damu, nami maneno yangu hayawatoi hofu. Wakiwaona walinzi hawa mlangoni wataelewa, kama Nyamizi alivyoelewa."

"Lakini ulichelewa," akasema mama Siwema. "Mvua nzima ya vuli nukta inawaka, wewe unapima."

"Nilichelewa. Ningemwita kila ambaye nukta yake imewaka, ningewatia kisu walio wazima. Nilikuwa natafuta haki ya kumtisha mtu." Sauti yake ndogo ikazidi kuwa ndogo. "Ningekosea, nisingelala. Nilipochelewa pia sikulala."

Kondo akasema, "Mimi sikutengeneza kioo. Mimi nimebeba neno tu. Lakini neno lisilofika halimwokoi mtu. Lingebaki kwenye simu, lingebaki kwenye kichuguu. Nililifikisha kwa kuuza nyumba yangu ya pekee, na sasa hapa mimi ni mgeni kama mgeni yeyote. Nipeni kamba, niikate alama yangu. Mwenye mzinga katika nchi hii haitwi mgeni."

"Lakini nani aliyelifanya neno lako lisiaminike?" akauliza Mihambo, na kwa mara ya kwanza maishani aliongea jambo la maana karibu na nyuki. "Si wewe na mapacha wako? Umemtoa mke wangu kwenye shimo ulilochimba mwenyewe."

Kondo akatazama chini. Nyamizi akatamani kumtania ili acheke, akakumbuka kwamba hawataniani tena.

Mama Siwema akashusha kanga usoni. "Mimi asali siiwezi, nina kisukari. Na mwanangu hawezi kushika kamba, ana mwaka wa nne kaburini. Lakini kabla ya kioo na kabla ya shikamoo ilikuwepo damu ya Siwema. Miaka miwili mwanangu alisema, akawekwa kwenye barafu. Hakuna aliyemwokoa yeye. Mwenzake kaokolewa kwa kufananishwa naye. Nataka alama yake ikatwe kwenye gogo hilo, anayepita aulize ni ya nani, na aambiwe."

"Mama, nisamehe," akasema daktari taratibu, "nami namheshimu marehemu kuliko mnavyojua. Lakini alikuwa hamjui Nyamizi. Na waliotoa damu mwaka ule walipewa kila mtu mche wa sabuni."

"Kweli," akasema mama Siwema. "Mwaka wa kwanza alifuata sabuni. Nilimtuma mwenyewe, nilikuwa na nguo za kufua. Mwaka wa pili sabuni zilikwisha, wenziwe wakarudi njiani. Nikamwambia, rudi nawe. Akaniambia, mama, yule daktari amesema haitatufaa sisi, itawafaa watakaokuja. Akaenda. Na mwaka wa tatu akaenda." Akamgeukia Nyamizi. "Hakukujua jina, mwanangu. Lakini ni wewe aliyekuwa akikuendea."

Warina asali wakavua kofia. Daktari alikuwa analia wazi wazi, na Kondo akaondoa macho kwenye kamba.

Sasa jua limepanda, baridi imeisha. Nyuki wa mlangoni wameamka, wanawanusa wote waliosimama pale, mmoja mmoja. Kamba iko mkononi mwa Nyamizi, na mkono wenye nguvu anao mmoja tu, umeanza kuchoka. Kwenye majani siafu wamekwisha kuinusa asali, na siafu hawasubiri baraza limalizike.

Msiniambie kamba ishikwe na watatu. Nimewaeleza ndugu wale walivyoishia. Msiniambie abaki nao mwenyewe. Aliyeokolewa akiikalia kamba, mzinga huo si wa uhai tena, ni gogo. Na msiniambie ampe Mihambo, maana nyuki wa kwanza alipovuma tu, Mihambo alikuwa ameshafika nyumbani.

Mbele ya Nyamizi kuna kiganja chenye madoa ya rangi za maabara. Kuna kiganja cha mtu asiye na kwao, aliyejifungia mlango ili mwingine aishi. Na kuna kiganja cha mama, kimefunguliwa kwa niaba ya mkono ulio udongoni. Hadithi yangu imefika kwenye ncha ya kamba, na ncha yenyewe nawatupia ninyi. Uhai huu mliorudishiwa ungekuwa wenu, na mkono huu unaochoka ungekuwa wenu: je, kamba mngeiweka kiganjani mwa nani?